Dole Gumba la Babu

Juzi, katika chumba cha nyaraka za kale, karani aliniletea faili lililonuka vumbi na mende. Harufu hiyo ikanirudisha mtaani Shimanzi, mtoto wa miaka saba, nikimtazama baba akipakia mafaili ya kampuni aliyoifanyia kazi kwenye lori.

Ndani ya faili mojawapo mlikuwa na karatasi ya kazi ya marehemu babu, aliyekuwa hamali wa kampuni hiyo, yenye alama ya dole gumba lake. Picha yake hatukuwa nayo. Nami nilijua karatasi kuukuu za ofisini huishia kwa muuza njugu wa barabara ya Ndia Kuu, akafungia njugu zake.

"Baba, babu atafungiwa njugu!" nikalia.

"La, mwanangu. Zaenda kuhifadhiwa."

Sikumwamini. Miaka mingi nilikikunjua kila kifurushi cha njugu nikimtafuta babu.

Juzi nililifungua lile faili. Alikuwapo.