Umeme wa Ngazi

Jamani, leo nimemkamata mwizi wa umeme. Laiti ningeacha!

Katika ghorofa letu hapa Shinyanga mjini, sisi wenye nyumba tunachangia umeme wa ngazi. Taa ni moja tu, lakini mchango kila mwezi unapanda.

Nikamshuku Mama Shija wa chini, maana ana friji. Nikawaita majirani wote, nikazima swichi ya ngazi: friji likizimika, mwizi ni yeye.

"Haya, fungua friji lako tuone!"

Akafungua. Taa ya ndani inawaka vizuri kabisa.

Huko juu, kwangu, gramafoni yetu ya umeme ikaanza kuvuta sauti kama mlevi, kisha kimya.

Mume wangu akachungulia dirishani: "Mama Zuhura, umeme umekatika?"

Kumbe fundi wetu aliunganisha waya wa sebuleni kwetu na wa ngazi!

Nilitamani ardhi inimeze. Mama Shija akaangua kicheko: "Mzaramo wewe, leo nimekupata!"

Moyo ukatua. Yeye ni Msukuma, mtani wangu, na kwa mtani hakuna kesi, kuna faini tu.

Akapanda, akabeba gramafoni.

Sasa inapiga kwake, na mume wangu kaifuata huko huko.

Semeni wenzangu, nianze kudai gramafoni au mume?