Saa Iliyotaka Mkono Usiotulia

Mwaka 1976, mwanzoni mwa kiangazi, nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minane, mjane wa miezi kumi. Marehemu mume wangu, fundi wa reli hapa Kalemie, aliacha saa ya mkono isiyotiwa ufunguo, kwani mwendo wa mkono wa anayeivaa ndio unaoiendesha. Nilitamani ibaki kwangu, lakini vitu vya marehemu hugawanywa na ukoo wake, na kaka yake mkubwa, karani wa bandari, aliitaka.

«Mwanamke na saa ya mwanaume?» aliuliza.

«Papa,» nilimjibu kwa heshima ya mkubwa, «wewe unashinda kwenye kiti cha biro, huko ofisini. Itakufia mkononi.»

Wazee wa ukoo walicheka, wakaamua kila mmoja wetu akae nayo wiki moja. Atakayeirudisha ikitembea ndiye mwenyewe.

Shemeji alitangulia. Aliivaa Jumapili kwenda misa, kisha akaifungia sandukuni isije ikachakaa, na Jumanne ilikuwa imekwisha kusimama. Zamu yangu ilipofika, niliivaa nikitwanga majani ya sombe, nikilima mihogo, nikifagia ua. Hata kitandani sikuivua.

Tarehe 17 Julai, mbele ya ukoo mzima, shemeji aliiweka sikioni, akasikiliza kwa muda mrefu.

«Inatembea,» alisema. «Mama, mikono yako haina Jumapili.»

Walicheka wote, yeye akiwa wa kwanza. Kisha waliandika karatasi ya kunikabidhi saa, wakanisogezea wino wa kidole gumba. Niliomba kalamu, kwa kuwa darasa la jioni la kusoma na kuandika nilikuwa nimelimaliza, nikaandika jina langu lote.