Nilimvika Mwanangu Kibao kwa Kuongea Kizigua

Nimekosa. Sitafuti wa kunihurumia, na wala msinihurumie. Nataka tu niseme, maana nikiendelea kukaa nalo kifuani litaniua.

Mimi ni msusi, nina saluni ndogo hapa Chanika, Handeni. Binti yangu nilimwachia mama yangu kijijini Kwamsisi akiwa bado mdogo sana, nikaja mjini kutafuta maisha. Nilipomchukua aanze chekechea, mtoto anaongea Kizigua kitupu! Kiswahili chake cha kuokoteza. Na mdomo sasa! Anaongea na ndoo, anaongea na viatu, anaongea mpaka usingizini.

Wateja wangu wakacheka. "Mama, huyu umemtoa porini?" Nami nikacheka nao, mimi Mzigua wa baba na mama! Moyoni niliona aibu, jamani, nikatamani ardhi ipasuke.

Mwalimu wake wa chekechea, nimwite Mwalimu Rehema, alikuwa dada mpole. Siku za mwanzo alimwacha akae karibu na mlango, kwa sababu akiingia ndani analia. Akawa anamsalimia kwa Kizigua, kisha anamtajia kitu kilekile kwa Kiswahili, taratibu. Kuna mtoto mwingine alikuwa hatulii hata kidogo, huyo akampa kazi ya kugawa vikombe vya uji. Wenzake wanaandika irabu, wangu anapanga vizibo vya soda na kusimulia.

Mimi nikaona ni uvivu wa mwalimu! Nikaenda nikamwakia mbele ya wazazi wengine. "Nimemtoa shamba ajue Kiswahili, wewe unamrudisha shamba?"

Akaniambia, "Mama, mtoto wako ana maneno mengi sana. Tukimpokea kwa lugha anayoijua, na Kiswahili kitakuja chenyewe. Nakuomba umpe muda."

Muda! Nikamsonya, nikamshika mtoto mkono, nikaondoka naye.

Nikampeleka shule nyingine, ya tai na soksi ndefu. Huko anayeongea kilugha anavishwa kibao cha aibu shingoni mpaka jioni. Nilipoambiwa hivyo nilifurahi. Nikasema sasa atanyooka.

Na kosa langu lenyewe ndilo hili. Nyumbani nikatengeneza cha kwangu. Nilikata boksi la mafuta ya nywele, nikalitoboa, nikatia uzi wa kusukia. Likimtoka neno la Kizigua namvika, anakaa nacho pale saluni watu wanamwona. Wakicheka, nacheka. Siku moja aliangusha kikombe tu, hata hakusema kitu, akaja mwenyewe akainamisha kichwa nimvike. Na nikamvika! Mungu wangu, nikamvika!

Akaacha Kizigua. Nikajisifu kwa kila mteja. Kisha akaacha na Kiswahili.

Hospitali walimpima, masikio mazima, koo zima. Hasemi tu. Anaonyesha kwa kidole. Haja ikimbana, bora ajikojolee kuliko kuomba.

Nikaanza kumtafuta Mwalimu Rehema. Alikuwa ameshahamia Dindira, kule juu Korogwe kwenye chai. Nikapanda na mtoto, nikapiga magoti mbele ya mwanamke niliyemsonya. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo liliniuma zaidi. Alichuchumaa, akamsalimia mtoto kwa Kizigua kama zamani. Mtoto akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, huku ananiangalia mimi.

Mwalimu alilia. Nikamuuliza, "Atarudi kuwa kama alivyokuwa?"

"Sijui, mama. Sitaki kukudanganya."

Nikamrudisha Kwamsisi kwa bibi yake. Ilichukua muda mrefu, lakini nikasikia ameanza kumnong'oneza bibi. Nilidandia bodaboda siku ileile na gauni jipya mkononi. Aliponiona tu, kimya. Mama yangu akanivuta nje. "Mwanangu, usiwe unakujakuja. Ukishaondoka anakaa siku nyingi hafungui mdomo, ndipo tuanze upya."

Basi siendi.

Juzi nilipiga simu kumjulia hali. Mama akaniaga, akaiweka simu chini bila kuikata. Nikamsikia mwanangu! Anasimulia habari za mbuzi wa jirani, anacheka! Mteja yuko kwenye kiti, kichwa nusu kimesukwa, mimi nimesimama na simu sikioni, sikuthubutu hata kukohoa, mpaka salio likaisha.

Wazazi wenzangu, mwalimu akikwambia mtoto wako ana mwendo wake, msikilize, usiende kumkaripia kwa sababu ya macho ya watu. Wale waliokuwa wanacheka pale kwangu wengi wameshahamia kwa wasusi wengine. Mimi ndiye niliyebaki na mtoto ambaye ili aongee, lazima mama yake asiwepo.