Sigara za Baba Mkwe

Akina mama wa kikundi chetu wameniomba niandike yale niliyoyasema kanisani, kwa sababu waliokaa nyuma hawakunisikia. Sauti yangu bado haifiki mbali. Nitayapanga kama yalivyotokea.

Naitwa Karimi, mama Kendi. Nilizaliwa karibu na Ruiri kwenye baridi, nikaolewa Mitunguu kwenye joto na ndizi. Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu, na mwenye nguvu. Nilikwenda shule kwa miguu, nikarudi kwa miguu, na jioni nikashika jembe. Sijawahi kuvuta sigara hata siku moja.

Mama mkwe alipofariki, baba mkwe, Mzee M'Arimi, alihamia kwetu. Alikuwa mpole na mcheshi, na Kendi alimpenda sana. Alivuta sigara tangu alipokuwa kijana wa kazi katika mashamba ya wazungu. Alivutia sebuleni, kwenye kiti chake. Jioni tulifunga madirisha mapema, kwa maana malaria ya Mitunguu haina mchezo, na mzee alituambia moshi wake ni msaada.

"Umeona mbu hapa?" aliuliza. "Hao wananijua."

Tulicheka. Hata mimi niliamini.

Msomaji wa mbali ataniuliza kwa nini sikumwambia avutie nje. Kwetu mke wa mwana hazungumzi hivyo na baba mkwe. Humkaribii, humtazami machoni, na ukiwa na neno unalipitisha kwa mume wako. Mume wangu Mutwiri naye alimwogopa baba yake tangu utotoni. Tena sikuwa na neno la kupitisha, kwa sababu sikujua ninaugua nini.

Kilianza kikohozi kikavu cha asubuhi. Nikadhani ni vumbi la chaki. Mwaka wa pili nikaanza kutoa makohozi meupe, mazito, yanayovutika kama gundi, na kifua kikawa kinapiga mluzi. Nililala nimekaa, nimeegemea ukuta. Mara tatu niliambiwa ni nimonia nikadungwa sindano. Nikapelekwa kupimwa kifua kikuu. Nilitema ndani ya kikopo, nikangoja majibu. Hakikupatikana, lakini habari zilikuwa zimefika shuleni kabla yangu, na mwalimu mwenzangu mmoja akaanza kuja na kikombe chake mwenyewe.

Likizo ya Agosti nilikwenda kwa mama yangu Ruiri. Siku ya nne mluzi ulinyamaza. Nilipanda mlima wa kwetu bila kusimama. Nikarudi Mitunguu, na kesho yake mluzi ukarudi. Niliyaandika haya kwenye daftari, nikayasoma mara nyingi. Ndipo nikaanza kuiogopa nyumba yangu mwenyewe.

"Mama Kendi, kuna mtu amezika kitu hapo kwenu," jirani aliniambia kwa sauti ya chini. Mimi mwalimu, nimeokoka, nikajikuta natazama chini ya kizingiti kuona kama udongo umefukuliwa.

Jumamosi moja wazee walikuja kuzungumza mahari ya wifi yangu. Mahari haizungumzwi majirani wakisikia, kwa hiyo mlango ulifungwa na madirisha yakafungwa, saa nane mchana, jua likiwaka. Wageni walikuwa sita, na karibu wote walivuta. Kazi yangu ilikuwa kuleta chai.

Mara ya tatu nilipoingia na sinia, moshi ulikuwa mzito hata sikuona uso wa aliyekaa pembeni. Nilivuta pumzi, ikaingia kidogo. Nikataka kuitoa, ikakataa kutoka. Kifua kilijaa kama gunia lililoshonwa. Nilijua ni aibu kuangusha vyombo mbele ya wazee wa mahari, nikaliweka sinia mezani polepole. Hakuna kikombe kilichomwagika. Kisha nikaanguka mimi.

"Huyo ana mimba," nilisikia mzee mmoja akisema. "Mpeni maji."

"Maji ya nini? Fungueni mlango!" Hiyo ilikuwa sauti ya wifi yangu.

Kucha zangu zilikuwa zimebadilika rangi kuwa kama za maiti. Nilijikojolea mbele ya wazee wale. Naliandika hilo kwa sababu niliahidi kusema yote.

Walinilaza kwenye pikapu ya ndizi, juu ya majani, tukaenda hospitali mjini Meru. Sikuweza kusema neno zima. Nilitaka kumwambia Mutwiri asimwache Kendi aolewe bila kumaliza shule, lakini kilichotoka ni "Ke" tu, na "Ke" tena. Yeye alidhani naita mtoto aletwe.

Hospitalini waliniwekea oksijeni usoni, dawa kwenye mshipa, na mashine ya mvuke. Siku ya pili daktari, msichana mdogo kuliko mimi, alikuja na faili.

"Mwalimu, umevuta sigara miaka mingapi?"

"Sijavuta."

"Usinidanganye. Mimi si mchungaji wako."

"Daktari, sijavuta kabisa."

Akamgeukia mume wangu. "Basi nani anavuta hapo nyumbani?"

Mutwiri alitazama viatu vyake. "Ni baba. Lakini anavuta zake. Huyu hazigusi."

"Mapafu hayaulizi sigara ni ya nani," daktari alisema. "Mke wako ana pumu. Ukimrudisha kwenye moshi huo, safari nyingine pikapu haitafika."

Tangu hapo hofu yangu ilibadilika. Zamani niliogopa ugonjwa nisioujua. Sasa niliujua, ulikuwa umeketi sebuleni kwangu, na hakuna aliyethubutu kuuambia utoke. Mutwiri alisema atapitia kwa mzee mmoja wa rika la baba yake, kama inavyotakiwa. Kesho yake alirudi akiwa mnyonge.

"Amesema nini?" nikamuuliza.

"Baba amecheka. Anasema mama zetu wamepikia kuni ndani ya nyumba maisha yao yote. Anasema moshi unaua wanawake waliosoma tu."

"Na wewe ukamjibu nini?"

Alichukua chupa ya chai akaenda kuiosha. Daktari alipotangaza kuwa nitatoka Ijumaa, wenzangu wa wodini walinipongeza. Mimi nilimwomba aniache hapo wiki nyingine. Nililia kama mtoto anayerudishwa shule.

Jumatano, saa ya kuwaona wagonjwa, mzee mwenyewe alikuja. Alikuwa amezima sigara langoni. Alileta ndizi mbivu, akaketi karibu nami, karibu kuliko siku yoyote tangu niolewe. Akainama kuweka ndizi kwenye kabati, na koti lake likagusa mto wangu.

Mluzi ulianza hapo hapo. Nilijaribu kuuficha kwa heshima yake. Nilikaza meno. Haukufichika. Nesi alikuja mbio.

"Mzee, simama! Toka na hilo koti!"

"Binti yangu, sijawasha kitu."

"Koti limewasha! Toka!"

Alisimama nje ya dirisha muda wote walipokuwa wakinirudishia mashine. Mimi nilikuwa na mpira puani, macho yamenitoka, jasho linanimwagika, na yeye ananitazama machoni, nami namtazama. Mutwiri aliniambia baadaye kuwa njiani kurudi mzee alisema maneno mawili tu: "Hata koti?"

Ijumaa nilirudishwa nyumbani nikiomba kimoyomoyo. Kiti cha sebuleni kilikuwa kitupu. Mzee alikuwa amehamisha kitanda chake mwenyewe hadi kibanda cha ndizi kule chini shambani. Wenzake walimcheka sokoni, wakasema M'Arimi amefukuzwa na mke wa mwanawe. Aliwajibu, "Nyinyi hamkumwona." Sigara hakuacha. Alivutia kule kule.

Jioni ile alikuja amenawa, amebadilisha shati. Akasimama nje ya mlango.

"Mama Kendi, naweza kuingia?"

Sijasikia popote kwetu baba mkwe akimwomba ruhusa mke wa mwanawe. Niliogopa kujibu. Niliogopa aibu, na niliogopa kifua changu zaidi. Nikasikiliza pumzi yangu kwanza.

"Baba," nikasema, "kaa hapo kwenye ngazi kidogo, upepo ukupige."

Mutwiri aliacha kutafuna. Mzee alikaa kwenye ngazi. Kendi akampelekea chakula chake pale pale, tukala mlango ukiwa wazi, mbu wakituuma sote kwa usawa. Kesho yake tulinunua neti.

Namshukuru Mungu, daktari yule, na wifi yangu aliyefungua mlango. Dawa ya kupuliza mdomoni iko kwenye mkoba wangu sasa ninapoandika, na nikipita mahali watu wanavuta bado moyo hunidunda. Kwenu akina mama: kikohozi kikikuacha unapotoka nyumbani na kukurudia unaporudi, mwambie daktari hilo kabla ya lingine lote. Na kama kuna mtu wa kuambiwa avutie nje, aambiwe, hata kama ni wewe wa kumwambia. Mimi nilinyamaza miaka miwili kwa heshima, na siku nilipotaka kusema, nilikuwa na pumzi ya "Ke" peke yake.