Foleni ya Walburga

Mwaka 2002 kompyuta nane kuukuu ziliunganishwa kwa nyaya katika chumba kimoja cha kituo cha utafiti wa kahawa, Mbinga, zifanye hesabu kubwa kwa pamoja kana kwamba ni mashine moja. Aliyekabidhiwa kuzitunza ni Walburga, mama wa Kimatengo kutoka Mbuji, aliyeajiriwa kama mpiga chapa na kujifunza mengine yote kwa kuuliza bila haya.

Jenereta iliwashwa saa mbili asubuhi na kuzimwa saa kumi jioni. Katika muda huo kila mtu alitaka hesabu zake zitangulie. Kuepusha ugomvi, Walburga aliiwekea mashine kanuni: kahawa kwanza, zahanati pili, wengineo mwisho. Akaibandika mlangoni. Kelele zikaisha, naye akajiona amemaliza kazi.

Ndipo akaja Mwalimu Cuthbert, mstaafu kutoka Lipingo, kijiji cha kando ya ziwa, mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, amebeba mfuko wa madaftari. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amepima mvua, na kina cha ziwa kwenye nguzo aliyoisimika mwenyewe ufukweni.

"Nataka kujua mvua ya huku milimani inachukua muda gani kuonekana kule kwetu," alisema.

Walburga aliingiza tarakimu zote, pamoja na za mvua iliyopimwa kituoni, siku baada ya siku, akaiweka kazi kwenye foleni. Ilihitaji saa tano tu. Mwalimu aliporudi baada ya wiki mbili, ilikuwa bado. Akarudi tena.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Bado?"

Walburga akafungua orodha ya kazi zinazosubiri. Siku thelathini na moja! Kila mara kazi ya mzee ilipokaribia zamu, za kahawa ziliingia mbele yake. Hakuna aliyemdhulumu. Ni ile kanuni yake mwenyewe.

"Samahani sana, Mwalimu. Naisogeza juu sasa hivi."

"Kwa sababu umeniona nimekaa hapa?"

"Ndiyo."

"Basi iache. Nyuma yangu yupo mwingine asiye na nauli ya kuja kukaa kwenye benchi lako." Alisema bila hasira, kama anavyosahihisha daftari la mtoto anayempenda.

Mzee alipoondoka, Walburga alichana karatasi ya mlangoni. Ilimchukua siku mbili na makosa mengi kuifundisha mashine kanuni mpya: kila saa ambayo kazi inasubiri, inaongezewa alama, hata ile ya mwisho ipande mpaka ifike mbele. Na aliyetumia mashine sana jana, leo ashuke kidogo.

Jumanne Daktari Elias wa kahawa aliingia amekunja uso. "Dada Walburga, nimepitwa na nani?"

"Na Mwalimu Cuthbert wa Lipingo, Daktari. Amesubiri siku thelathini na nne."

"Na mimi?"

"Tangu jana."

"Zimebaki saa ngapi?"

"Mbili."

"Haya, nakwenda kunywa chai."

Ijumaa Mwalimu alikuja kuchukua karatasi zake. Jibu lilikuwa wiki saba, akaitikia kwa kichwa kwa furaha kama aliyekuwa akihisi hivyo siku zote. Kisha akarudisha kidole kwenye mwaka 1991. Mstari wa vipimo pale haukuwa na pengo hata moja, wakati miaka mingine yote ilikuwa na matobo ya siku zisizopimwa.

"Huu si mkono wangu," akasema. "Nilikuwa nimelazwa, henia, kisha nikaugulia nyumbani mwaka mzima. Alipima Eliza, mke wangu, kila alipokwenda kuteka maji." Akacheka mpaka akavua miwani. "Kumbe mimi ndiye mtoro!"

Akaomba nakala ya pili. Walburga akaichapa, akaandika juu yake jina la Eliza kwa herufi kubwa, na Mwalimu akaiweka mfukoni upande wa moyo, akakimbilia gari la kuteremka ziwani.