Mrusi Ndani ya Pipa

Nilijikojolea ndani ya pipa. Nasema mwenyewe kabla hujaambiwa na wengine. Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya taa, naulizia choo kiko wapi.

Enzi hizo mitumba ndiyo imeanza kujaa sokoni Lushoto, na majarida ya Warusi yalishageuka karatasi za kufungia maandazi. Kila ukurasa wenye roketi niliuficha. Masomo hayakunikaa kichwani, ila roketi zilinikaa. Niliamini Warusi wanaitwa hivyo kwa sababu wanarusha watu angani.

Basi nikaingia kwenye pipa tupu la mafuta ya taa, juu kabisa ya shamba la bibi.

"Mrusi ni mimi ninayerusha," akasema rafiki yangu, akasukuma.

Pipa likabiringika, likagota kwenye kisiki ukingoni mwa korongo. Chini nasikia mto.

"Usitikisike! Kisiki kinang'oka!" akapiga kelele rafiki yangu, akishuka mbio.

"Nivute miguu!"

"Nyamaza, linasogea!"

Akanivuta polepole. Nilipotoka tu, pipa likaondoka lenyewe. Tulilisikiliza likigonga mawe mpaka kukawa kimya.

Nikaanza kulia. Akaitazama kaptula yangu, akasema, "Usilie bwana. Hata Warusi walianza kwa kurusha mbwa."