Mkojo wa Kitanda cha Pili

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya Mbeya miaka ya hamsini, nilivaa kaptula nyeupe iliyopigwa pasi ikanyooka. Niliajiriwa kuwa dresa, nikadhani ni mtu wa kufunga vidonda. Mganga Msaidizi, bosi wangu wa kwanza, akanikabidhi jagi la kupimia lenye mistari. "Kazi yako mkojo," akasema. "Kila tone uliandike." Nilikaribia kulia.

Lakini alinifundisha vizuri. Mgonjwa asipokojoa, gusa kwanza kibofu, chini ya kitovu. Kikiwa kimejaa na kigumu, njia imeziba, na mpira wa kutolea mkojo unatosha kumfungulia. Kikiwa tupu, figo zenyewe zimegoma. Hapo tulimpimia maji: anywe kadiri alivyokojoa jana na kidogo cha juu, basi. Akizidishiwa, maji hayana pa kutokea, yanampanda mapafuni. Nyinyi vijana mna mashine za kusafisha damu, na watu wanapandikizwa figo. Sisi tulikuwa na jagi na mkono.

Baadaye nikahamishiwa Iringa, chini ya daktari Mzungu tuliyemwita Bwana Mganga. Ndipo akaletwa mzee mmoja Mhehe, ana homa ya mkojo mweusi, na figo zimegoma. Nilitakiwa kumgusa kibofu asubuhi na jioni. Mimi mwenyewe ni Mhehe, na yule alikuwa rika la baba yangu! Nilipofunua shuka mara ya kwanza aligeuzia uso ukutani, nami nikaona haya mpaka masikio yakawaka moto. Nikamwekea pazia, nikamwachia jagi.

"Jaza mwenyewe, baba."

Siku ya nne jagi likawa na mkojo. Siku ya tano ukazidi. Nilifurahi kama mjinga. Nikaandika, Bwana Mganga akasoma, akaruhusu maji zaidi, nami nikamnywesha mzee kwa mkono wangu huu. Siku ya saba asubuhi uso umevimba, anahema kwa shida, kifua kinachemka. Bwana Mganga akafunua shuka, akabonyeza tumbo.

"Hapana kitu hapa! Kibofu tupu kabisa. Nani nakojoa hii?"

Kitanda cha pili alilazwa Mngoni mmoja aliyevunjika mguu, mtani wa yule mzee. Walikuwa wakitukanana kutwa na kucheka. Akainua mkono.

"Ni mimi, bwana. Mwenzangu aliogopa. Kasema wenye jagi kavu wote wanahamishiwa chumba cha mwisho, na hawarudi. Mimi ni mtani wake. Aibu kama hii angemwomba nani?"

Kuhusu kile chumba alikuwa anasema kweli; kumbe wagonjwa walikuwa wakituhesabia siku zote.

"Wewe nagusa tumbo yake?" Bwana Mganga akaniuliza.

Nikatikisa kichwa.

"Hata siku moja?"

Mzee alifariki siku ile ile adhuhuri.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, na hakuna mgonjwa niliyemwonea haya tena. Nimestaafu zamani. Hivi karibuni nilikwenda kumwona jamaa yangu aliyepandikizwa figo. Alikaa miaka kwenye mashine bila kukojoa, kibofu kimesinyaa kwa kukosa kazi, kwa hiyo sasa kinajaa upesi na kila mara yuko mbioni chooni, huku anacheka. Muuguzi, binti mdogo tu, akampapasa chini ya kitovu bila kusita. Nikatoka nje nikalia, mtu mzima mimi.

Siku ile ya kifo, mjane wa yule mzee alikuja kuniaga kabla ya kuondoka na maiti. Alinishika mikono yote miwili, akapiga goti kidogo.

"Asante, mwanangu," akasema. "Alinieleza. Wewe ulimtunzia heshima yake, hukumfunua."

Nikamjibu, "Haya, mama." Alirudi kwao akiniombea baraka, nami sikumwambia kitu.